Geji ya Baba Imenishinda

Mwabungo,
Kwale.
9 Agosti 2024

Mpendwa Ami Abdulrahman,

Shikamoo, ami yangu. Assalaam alaykum. Waonaje hali huko Salalah? Goti limepoa, au bado ukisujudu unalisikia? Na Mama Tumu, presha yake imeshuka? Sisi huku ni wazima wa kusema alhamdulillahi, ila kuna jambo limenielemea. Ningekupigia simu, lakini nikianza tu kulizungumza nalia, nawe huambulii kitu.

Baba sasa anakaa kitini bila kushikiliwa. Mkono wa kulia bado umelala, na ulimi, tangu kiharusi kimpate, umebakisha neno moja tu: "maji." Akitaka mto, maji. Akitaka kujua nani amebisha hodi, maji. Mwanzo tulimletea vikombe mpaka akawa anavisukuma.

Karakana naiendesha mimi. Kukata naweza, amenifunza mwenyewe. Lakini ile geji ya msumeno wa meza, ile inayoshika mbao ikatwe kwa pembe, alikuwa hampi mtu kuirekebisha. Akijifungia nayo na spana zake, akitoka kila kona inakaa sawa.

Masika yalipoisha nilipata kazi ya fremu za madirisha ya Bi Eunice, yule mwalimu anayejenga kule Galu. Nilikata kwa nyuzi arubaini na tano kama geji inavyoonyesha. Kuja kuziunganisha, kila kona ina mwanya wa kuingia ukucha. Bi Eunice akapitisha kidole, akaniuliza kwa upole, "Hafswa, hizi ndizo fremu za Mzee Othman?" Akaziacha pale pale.

Nimefanya ninalolijua, ami. Nilichomoa umeme, nikaisugua geji kutu kwa msasa, maana chumvi ya huku haisazi chuma. Nikatoa vumbi la mbao kwenye mfereji wa meza, nikapaka nta badala ya mafuta ili vumbi lisigande. Kile chuma kirefu cha geji kilikuwa kikicheza mferejini, nikakigonga vitobo vidogo ubavuni kwa tindo, kikavimba kidogo, kikabana. Nikaweka guni, kile kipimo cha pembe mraba, kati ya geji na diski ya msumeno, nikakaza skrubu. Nikakata ubao katikati, nikapindua nusu moja, nikazikutanisha: mwanya. Nikalegeza, nikakaza tena. Mwanya ukahamia upande wa pili.

Basi nikaichukua geji, nikampelekea Baba. Akaipakata. Kwa mkono wa kushoto akapapasa kile chuma mpaka kinapokutana na kichwa cha geji, akasimamisha kidole hapo, akanitazama.

"Maji."

"Hapa, Baba? Hii skrubu?"

"Maji! Maji!"

Nikamletea bisibisi, akatikisa kichwa. Nikaleta spana, nyundo, msasa, kila kilichokuwa sandukuni. Jasho likawa linamtoka. Anajua, ami. Jambo zima limo kichwani mwake, na halina pa kutokea. Mwisho akaisukuma geji ikaanguka sakafuni, akageukia ukutani, mabega yakitikisika. Nikakaa chini pale, sijui niiokote au nimshike yeye.

Tangu siku hiyo hataki kusogezwa upande wa karakana. Bi Eunice amepata fundi mwengine Ukunda, wala simlaumu. Mashine nimeifunika turubai.

Shangazi Mapenzi wa Kibuyuni alikuja kumtazama Baba, akamletea samaki, akamsomea dua. Anasema umemsahau. Mama naye hachoki, ila amekonda.

Ami, wewe na Baba mlijifunza kwa fundi mmoja pale Msambweni kabla hujasafiri. Kama unakumbuka kinachofanywa pale alipoweka kidole, niandikie hata mstari mmoja. Na kama hukumbuki, njoo tu ukae naye. Pengine wewe utamwelewa anachosema. Mimi nimeshindwa.

Mama na Sumaiya wanakusalimu sana. Nisalimie Mama Tumu, Tumu mwenyewe na Swafwan. Mwenyezi Mungu akuhifadhi ugenini na akusahilishie safari.

Ni mimi, mtoto wa nduguyo akupendaye,
Hafswa Othman