Jivu la Uani Kule Lubunga

Mjukuu wangu Mwamini,

Huku Kisangani tuko wazima, na tonton, mjomba wako, amepona malaria. Umeniuliza kama umchape mwanao kwa sababu amechezea moto nyuma ya nyumba. Nimekasirika kweli, lakini simkasirikii mtoto.

Miaka ya hamsini, tulipokaa Lubunga, papa, baba yetu, alichoma takataka uani, akafunika makaa kwa jivu, kisha akapanda pirogi, mtumbwi wake, kwenda ng'ambo ya mto. Mdogo wangu Zaina aliona jivu jeupe, akalikanyaga. Wayo wake uliungua vibaya. Papa aliporudi alishika fimbo.

"Mutoto huyu hana masikio," alisema.

Mama alisimama mbele yake. "Ulimuambia nini? Uliacha moto bila maji, bila mutu. Masikio yake yangesikia nini?"

Papa aliweka fimbo chini. Asubuhi alituita, akamwaga maji juu ya makaa mengine aliyoyawasha, akakoroga jivu, akamwaga tena, na kila mmoja wetu akafanya hivyo. Zaina alitazama kutoka mgongoni kwa mama.

Nikiikumbuka fimbo ile, moyo bado unachemka. Kwa hiyo, kabla hujamgusa mwanao, niandikie: nani aliwasha moto huo, na alikuwa wapi?

Koko wako anayekupenda