Bunduki Isiyofika Shubiri

Jumamosi, 9 Machi 2019

Theluji tena hapa mjini Duluth. Bunduki yangu ndogo imeshinda kwenye maonyesho ya wanasesere wa askari. Yangu! Wiki tatu nimesugua plastiki kwa msasa, nikautoboa mtutu kwa keekee niliyokuwa nikichongea meno ya bandia kazini, nikakipaka kitako rangi hadi ungedhani ni mbao. Mwamuzi akamwuliza mume wangu fundi ni nani. Lyle akatazama viatu vyake. "Ah, ni mikono hii hii tu." Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika makoti.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani wamempongeza. Nyumbani nikamwuliza kwa nini. Eti wenzake wa klabu ya wanasesere wangemcheka. Eti mume na mke ni kitu kimoja. Kitu kimoja — mbona nishani ya ushindi iko upande wake wa kitanda?

Alhamisi, 14 Machi

Mzee mmoja kapiga simu, Einar Tollefson. Kaka yake alifia vitani Korea. Anataka mwanasesere wake ashike bunduki kama iliyo kwenye picha ya marehemu: kitako kina ufa, kimefungwa waya. Sharti moja — itengenezwe klabuni, Jumamosi ya wiki ijayo, mbele ya macho yake. Lyle kakubali! Nilikuwa namenya viazi. Nusura nijikate.

Jumatano, 20 Machi

Siku ya tano namfundisha. Vidole kama koleo. Kavunja mitutu minne. Jana kanirushia msasa, kisha akaomba radhi. Nikamsihi amwambie mzee ukweli. "Verna, usinivue nguo mbele za watu," kasema. Mimi je, niliyevuliwa zamani?

Nimekunywa supu peke yangu.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika chooni, klabuni. Nimejifungia.

Einar kaja kavaa tai, picha ndani ya bahasha. Watu wakazunguka meza. Lyle akawasha keekee, akakandamiza — kitako kikapasuka pande mbili. Akalaumu plastiki. Mzee akaokota vipande kimoja kimoja, akageuka, akaniuliza mimi, si yeye:

"Mama, hii itapona?"

Ulimi ukanitangulia. Nikasema itapona, ila gundi iachwe ikauke kwanza ndipo waya uzungushwe. Ukumbi mzima ukanigeukia. Lyle akainuka, akachukua koti lake, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tunaondoka. Nikasema naenda msalani kwanza. Uoga huo. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na bado nakimbilia chooni.

Mlango unagongwa. Si Lyle, huyu anagonga taratibu.

"Mama, ni Einar. Nisamehe kukufuata huku. Nimekuletea vipande. Ni vidogo mno, naogopa kuvidondosha."

Nje, Lyle anapiga honi. Mara ya tatu sasa.

Mzee bado yuko mlangoni, namsikia anavyohema. Naweka kalamu, nifungue nivipokee.