Chupa Niliyompa Mkaguzi

Kisima cha Bomba Namba Nne,
Njia ya Sericho.
Jumapili, 4 Septemba 1983.

Kwa dada yangu Nakiru,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetutunza sisi wawili tangu mama atuache. Mguu wako unaendeleaje? Ule uvimbe wa wakati wa baridi umeshuka, ama bado unafunga kitambaa? Na mwanangu Akiru, bado anakohoa? Mwambie barua yake ya kalamu nyekundu niliipata, na nimeibandika ukutani karibu na kalenda, mahali naiona nikiamka. Mimi mwili hauna shida. Nakula, nalala, macho tu ndiyo yameanza kuchoka na skrubu ndogo.

Barua hii analeta Falis, yule mama wa kuuza sukari na majani ya chai, ambaye amepata nafasi kwenye lori la ng'ombe. Najua utashangaa kwa nini si Yattani dereva, kwa sababu miaka minne sasa kila barua yangu umeipokea kutoka mkononi mwake. Nitafika hapo. Nivumilie nianze mbali kidogo.

Wewe hujawahi kufika huku, kwa hivyo nikueleze. Ni nyumba ya mabati yenye injini ya kuvuta maji, tangi la maji juu ya nguzo, mabirika matatu ya kunyweshea mifugo, na chumba changu. Mti uko mmoja. Watu wote wa hapa ni Waborana, Waislamu, watu wa heshima sana. Mturkana ni mimi peke yangu, na Mkristo ni mimi. Jumapili nikiimba, naimba baada ya kuwasha injini, ili nisisikie vile sauti ni moja.

Kazi yenyewe naipenda. Yattani alikuwa analeta mapipa matatu ya dizeli kila mwezi. Mimi siyagusi siku hiyo. Nayalaza ubavu, mdomo ukiwa juu kidogo, yatulie mpaka kesho yake, kwa sababu barabara imeyatikisa na uchafu umechanganyika. Nikimimina napitisha kwenye faneli ya wavu, na mafuta ya mwisho chini ya pipa siyaingizi kwenye tangi hata kidogo. Hayo naoshea spana. Tena kila asubuhi kabla ya kuwasha nafungua koki iliyo chini ya tangi la dizeli, nakinga kidogo kwa chupa, naiinua kwenye jua. Kama kuna maji, yanakaa chini na dizeli inakaa juu, unaona mstari kabisa. Namwaga mpaka mstari upotee. Pipa lolote huwa na maji kidogo, ya umande na ya mvua iliyosimama juu ya kifuniko. Hiyo si dhambi ya mtu. Ni kazi yangu kuyazuia yasifike kwenye injini, na kwa miaka minne hayajafika.

Sasa habari mbaya. Tangu mwezi wa tano injini hii imezimika ikiwa kazini mara sita. Inakwenda saa moja, saa moja na nusu, halafu inaanza kukohoa na kufa. Ngamia wamejaa kwenye mabirika na maji yamekatika. Kila mara nimeitengeneza mwenyewe: nalegeza skrubu iliyo juu ya filta, napiga ile pampu ndogo ya mkono mpaka hewa yote itoke na dizeli ije bila povu, nakaza, natia handeli. Lakini kabla ya hapo natazama hiki na kile, na saa zinakwenda. Mara ya nne, Abiba, mama mzee wa upande wa chini, alinywesha mwisho kabisa, akafika kwake giza limeingia, na fisi alichukua mbuzi wake wawili njiani.

Wazee walichoka wakapeleka malalamiko huko kwenu Isiolo, kwenye ofisi ya maji. Mzee Sharamo, ndiye anayepanga zamu ya maji hapa, alisema injini haina kosa na fundi hana kosa, basi kosa litakuwa ndani ya dizeli. Watu wakaanza kusema Yattani anauza dizeli njiani na kujazia mafuta ya taa. Wengine walinusa mapipa wakaapa kwamba harufu imebadilika. Dada, mafuta ya taa ni makavu. Pampu ya injini inalainishwa na dizeli yenyewe, ukiiwekea mafuta ya taa mwezi mzima itakwaruzika ife, na mlio wa injini unabadilika, unagonga kama nyundo. Yangu haikugonga hata siku moja. Hilo nilikuwa najua.

Tarehe ishirini na nne ya mwezi uliopita mkaguzi alikuja, na Yattani ndiye aliyemwendesha, maskini, bila kujua ameitiwa nini. Mkaguzi alikuwa kijana mwenye viatu vya kung'aa, mwenye haraka ya kurudi. Aliwasha injini, ikaenda vizuri. Akatazama huku na huku, akaona chupa yangu ya asubuhi kwenye dirisha, ile niliyokuwa nimekinga kutoka chini ya tangi. Mstari ulikuwa unaonekana, maji kama vijiko viwili chini. Akaniuliza hii ni nini. Nikasema ni dizeli ya pipa la mwezi huu. Akaniambia nimpe. Nikampa. Akaifunga kwa karatasi, akaandika tarehe, akamwambia Yattani mbele ya wazee wote kwamba ushahidi umepatikana.

Hayo maji, dada, hayakuwahi kuingia kwenye injini. Yalikuwa kwenye chupa kwa sababu nilikuwa nimeyatoa. Ilikuwa niseme hivyo tu, maneno kumi.

Yattani hakubishana na mkaguzi. Alizoea kunitania kwamba mimi nimeoa injini na mahari nilimaliza kwa grisi, lakini siku hiyo hakutania. Alipanda lori, akashusha kioo, akaniangalia.

"Ekaale, hii mashine wewe ndiye unaijua. Waambie."

Nilitazama mikono yangu. Nikaanza kuifuta na kitambaa, na ilikuwa safi. Lori likaondoka.

Sasa amesimamishwa kazi. Kesi yake itasikizwa Jumatatu ya wiki ijayo, tarehe kumi na mbili, na Falis anasema akishindwa ataachishwa kazi, na juu yake apelekwe polisi. Ana watoto watano pale Kulamawe. Mmoja amempa jina la Gladys, kwa heshima ya marehemu mke wangu. Ndiye aliyeniletea habari ya msiba, akakaa na mimi siku mbili huku amechelewesha safari zake zote.

Dada Nakiru, keti chini sasa kama umesimama.

Mwezi wa tano injini ilizimika kweli. Mtikiso ulikuwa umelegeza ile skrubu ya juu ya filta, ikavuta hewa. Nilitafuta kosa saa tatu nzima. Na kwa sababu hakukuwa na maji wala kelele, watu walikaa. Miaka mitatu na zaidi walikuwa wanakuja, wananywesha, wananiinulia mkono wakienda. Injini ikinguruma nani ataongea na wewe? Siku hiyo waliwasha moto wakapika chai. Mzee Sharamo aliniuliza kwetu ni wapi na baba yangu alikuwa anafuga nini. Abiba alinipa maziwa ya ngamia akauliza mke wangu aliitwa nani. Nikasema Gladys. Tangu azikwe nilikuwa sijalitamka jina hilo mbele ya mtu, isipokuwa Yattani. Abiba alilirudia vibaya, wakacheka, nami nikacheka. Niliporudisha maji waliondoka wote kwa robo saa, nikabaki nikitazama vikombe.

Mara ya pili niliilegeza mimi. Nusu mzunguko tu, kwa spana namba kumi, asubuhi kabla hawajafika. Na mara ya tatu, na zote zilizofuata. Nilikuwa nainama juu ya injini najifanya natafuta, huku nikisikiliza mazungumzo yao nyuma yangu, na mtu akisema pole fundi, moyo wangu unashiba. Mbuzi wa Abiba walikufa kwa ajili hiyo. Nilipoomba, nilimwomba Mungu mvua, afya ya Akiru, mguu wako, nikaruka hilo. Hata yeye nilimficha, kana kwamba hayuko hapa.

Juzi Ijumaa, walipomaliza swala yao, nilimwendea Mzee Sharamo nikamweleza yote. Kisha akauliza siku zile ngamia wake walipokuwa wanalia kwa kiu, mimi nilikuwa nawasikia? Nikasema nilikuwa nawasikia. Akainuka, akapangusa kanzu, akaenda.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, ya ofisi. Nimeandika yote: skrubu, siku zenyewe, chupa, na kwamba dizeli ya Yattani ni safi. Sikuifunga, uisome kwanza. Najua utalia, na utafikiria karo ya Akiru, na utataka kuiweka chini ya godoro kwa kunipenda. Nakuomba kwa jina la mama yetu, usifanye hivyo. Ipeleke ofisini kwa mkono wako kabla ya hiyo Jumatatu ya kesi, uwape wakiwa wawili au watatu, isije ikapotea kwa mmoja. Akiru umwambie ukweli, kwa maneno yako. Ile barua yake nitakuja nayo nikiitwa.

Ukimwona Yattani mjini, msalimie. Asipoitikia, usimfuate.

Nisalimie mama mchungaji na jirani zako wote, wale wanaoniulizia. Bwana akulinde, ukanyage polepole na huo mguu.

Injini iko vizuri. Tangu Ijumaa haijasimama hata mara moja. Watu wanakuja, wananywesha, wanaondoka, na leo nimeimba nyimbo zote ninazozijua.

Ndugu yako,
Ekaale