Usimlaumu Daktari kwa Goti Langu

Soweto, Mbeya

Mdogo wangu Agnesta,

Kamwene. Natumaini baridi ya Kalenga inakuhurumia, na kwamba unaamka bila kushika ukuta. Mimi moyo umechoka, na humu ndani wameanza kunong'ona hata nikiwa macho.

Mwanangu Beno ameniambia umeahirisha kubadilishwa goti kwa sababu yangu. Eti umesema, "Kama daktari amemharibu dada, mimi ni nani?" Basi nikwambie ukweli kabla sijafa. Daktari hakuniharibu.

Goti bandia liliwekwa vizuri. Niliporudi nyumbani akaja kijana wa mazoezi, akanishika kisigino: "Bibi, kunja. Ukitaka kulia, lia, lakini kunja." Nililia kweli. Mke wa Beno akamjia juu: "Wewe kaka, kwenu huna bibi?" Siku iliyofuata hakumfungulia geti. Unamjua, binti wa Kinyakyusa mwenye adabu zake. Kwake mama mkwe kujinyanyukia mwenyewe ni aibu ya kusikika hadi Uyole. Wanawake wa jumuiya nao wakaja na uji, sala, na mto laini wa kuweka chini ya goti. "Tulia, Mwalimu. Umetufundishia watoto. Leo hata kikombe tunakushikia."

Nikatulia. Na nilijua, Agnesta. Maelekezo ya hospitali niliyaelewa kuliko wote mle ndani. Lakini tangu tumzike mama hakuna aliyenihudumia, na utamu ule ulinishinda. Goti likalala juu ya mto hadi likagoma, halikunjiki wala halinyooki. Walipomlaumu daktari, nikanyamaza.

Sasa watu walewale wananibeba kwenda chooni, wamenuna. Mke wa Beno hupumua kwa nguvu ili nimsikie. Na kwa moyo huu siwezi kulazwa tena kwa upasuaji.

Wewe nenda. Watakaokuja kukuhurumia, wafukuze.

Msalimie mumeo, shemeji yangu mbishi, na wifi yetu Paulina anayenitunzia shamba. Waambie haya niliyoandika. Nimechoka kusingizia mtu.

Na nikifa kabla ya siku yako ya upasuaji, usiahirishe ili uje kunizika. Watakusema sana, Wahehe hawasahau aliyekosa msiba wa dada yake. Waache waseme. Utakuja kaburini baadaye, kwa miguu yako.

Ni mimi dada yako,
Kristina