Nimewapeleka Watalii Kwenye Kinamasi cha Bibi

Mshauri wetu Tuulikki, nakuomba unitoe kwenye shimo hili, ingawa nikuambie mapema kwamba Ufini nzima hajazaliwa kiongozi wa watalii wa kunifikia mimi, hata dubu wakinisikia napiga mluzi hunipisha njia. Shule niliiacha katikati, ila mdomo ninao. Majuzi nilipokea Waitaliano, nikawatembeza Helsinki, nikawaonyesha ngome ya Turku, tukapanda treni na basi mpaka huku kwetu kaskazini, na wao wanapiga miayo tu, mpaka mmoja akanichokoza, "Kaka, pori unalijua kweli, au unajua vituo vya treni?" Damu ikanichemka, nikawapeleka kwenye kinamasi ambako bibi yangu Helvi huchuma hilla, yale matunda ya dhahabu ya kinamasini, na wewe unajua, hilla zikiiva mtu hamwonyeshi hata mchungaji wa kanisa anapochuma. Wakala, wakapiga picha, wakazirusha mtandaoni na ramani juu. Kesho yake magari ya wageni yamejaa barabarani, kinamasi kimekanyagwa kama uwanja wa mpira.

Bibi akarudi na ndoo tupu. "Hata marehemu babu yako sikumwonyesha hapa mahali mpaka tulipofunga ndoa," akasema. "Sasa nani kaniuza?"

Mimi bingwa wa pori, ulimi ukajijibia wenyewe: "Bibi, ni shemeji Antero." Tangu hapo shemeji haalikwi tena kuoga mvuke na familia kwenye sauna, dada yangu analia, na Antero mwenyewe hajui kakosa nini. Basi, ndilo hilo. Nilimsingizia.

Veikka, Inari

*

Veikka, pole. Kuchokozwa na mgeni kwenu kunauma. Pole yangu imeishia hapo.

Dubu wanakupisha, halafu bibi kizee mwenye ndoo anakutetemesha? Kinamasi kitapona, hilla zitazaa tena. Antero je? Anafukuzwa nyumbani kwa wakwe zake na hata hajui ajitetee kwa lipi. Aibu, kijana!

Leo hii waombe Waitaliano wako wafute zile picha. Kisha nenda kwa Antero, umwambie usoni, wala usimtume dada yako. Akikutukana, nyamaza, ni haki yake. Mkitoka hapo nendeni nyote wawili kwa Bibi Helvi, na uongee wewe, Antero asimame tu. Na usianze na Waitaliano. Anza na jina lako.

Jumamosi sauna ikiwashwa, Antero akae benchi la juu, lile la heshima, wewe upasue kuni nje. Bibi asipokuita ndani, endelea kupasua.