Kuukataa Mkono wa Mzee Gulam

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, na moyo wangu umetulia kuliko nilivyotegemea.

Leo nimemshinda Mzee Gulam kwenye chesi.

Mzee Gulam ana duka la vifaa vya ujenzi Temeke, na ndiye aliyenifundisha mchezo huu, mimi karani wa Kurasini niliyekuwa najua drafti tu. Nafasi ya mwisho kwenye timu yetu ya chesi ilibaki kati yangu na yeye. Yeye alinizidi pointi, sare ilimtosha. Mimi ilikuwa lazima nishinde, tena na kete nyeusi, ambazo kila mara huanza baada ya nyeupe.

Nilicheza ule ulinzi wa kizamani alionifundisha mwenyewe: askari wameshikana katikati, mfalme kafichwa mapema, hakuna papara. Yeye akaja na farasi na malkia kama mtu aliyechelewa harusini. Nikamwacha aje. Mashambulizi yalipomwishia, alikuwa amepungukiwa askari mmoja, na wangu wa pembeni hakuwa na wa kumzuia asifike mwisho wa ubao na kugeuka malkia.

Ndipo akaninyooshea mkono juu ya ubao.

"Inatosha, mwanangu. Tutoke sare."

Ukumbi wote ulitutazama. Mkono wa mkubwa haukataliwi. Mama yangu angekuwepo angenifinya. Mkono wangu ulishaanza kunyanyuka wenyewe.

Nikaurudisha mapajani.

"Samahani, mzee wangu. Naomba tuendelee."

Tukaendelea hadi alipomlaza mfalme wake, kukubali kwamba ameshindwa. Mtu mmoja akasema, makusudi nisikie, kwamba mabinti wa siku hizi hawana adabu. Iliniuma. Nikamfuata Mzee Gulam kwenye chai nimwombe radhi, hata sijamaliza akanikatiza.

"Radhi ya nini? Pale mie nilishakwisha, binti. Nilijua umelelewa vizuri, nikategemea hilo."

Alisema huku akikoroga sukari, hana haya wala hasira. Nikacheka, ningefanya nini.

Nimefika nyumbani Ukonga, nimevua viatu, kicheko kimeisha. Nimekaa kitandani nikiwakumbuka wengine waliotegemea hilohilo: kazini, kwaya, hata vikao vya ukoo. Wote walininyooshea mkono kwa upole, na kila mara niliupokea.

Hivi ni mara ngapi nimetoka sare mahali nilipokuwa nashinda?