Jembe Juu ya Paa la Tembe

Mjukuu wangu Merina,

Shikamoo yako imefika; marahaba, mama. Huku Kibakwe tu wazima, babu yako bado anagombana na mbuzi wake, na karanga tumeshavuna.

Lakini barua yako imenishtua! Shangazi yako amenisomea mara tatu. Yaani uzi wa vinasaba ukikatika ndani ya mwili wangu, protini zinakimbilia pale na kulegeza hata sehemu za jirani zilizofungwa vizuri, ili mafundi wa kuutengeneza wapate kuufikia, kisha zinafungwa tena? Na hayo yanatokea mimi nimekaa hapa nabangua karanga? Jamani!

Unauliza kwa nini zisizibe tu palipokatika. Mimi nilifanya hivyo. Nilipokuwa mke kijana, paa la udongo la tembe letu lilipata ufa. Nikapaka udongo na samadi kwa ndani hadi pakapendeza. Baba mkwe akaja, akatazama, akapanda juu na jembe. Akaanza kufukua hata palipokuwa pazuri, na wingu limetanda!

Nikapiga kelele: "Baba, unatubomolea nyumba!"

"Mtoe mtoto kwanza," akasema.

Chini ya udongo, boriti ilikuwa imeliwa na mchwa, limebaki ganda. Akaweka mpya, akarudisha udongo ule ule, akaushindilia hadi usingejua palifunguliwa wapi.

Boriti ile iliyoliwa ilikuwa juu ya kitanda cha mtoto hasa. Mtoto mwenyewe ni baba yako.

Ni mimi bibi yako, ambaye tangu jana naushangaa mkono wangu mwenyewe.